Kwa Maman Béata, Aliyetembea Nyuma Yetu

Maman Béata,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekula, sasa nimekaa dirishani natazama paa za mtaa wetu wa Saint-Gilles zikififia katika mvua nyepesi ambayo hainyeshi wala haiachi. Viatu vyangu vya kutembelea nimeviweka juu ya gazeti karibu na radiateur inayopasha chumba joto. Tope lake halijakauka. Kila nikivitazama naona kama bado niko jana, msituni, na miguu yangu haijakubali kwamba imeshafika nyumbani. Nina habari ya kukupa, na sikuona vyema kuisimulia kwa mtu mwingine kabla yako.

Miezi saba sasa. Ulituacha majani yakianza kugeuka rangi ya chai, na leo miti imevaa upya, kijani kile chepesi ambacho ulikuwa ukisema kinakupa hamu ya kukitafuna.

Najua ungeicheka barua hii tangu mstari wa kwanza. "Furaha, weye unasema sawa vile Biblia," ulikuwa ukiniambia, kwa sababu sisi wa Bukavu tuliosoma shule za misheni tunaandika Kiswahili cha kitabuni, na ninyi wa Lubumbashi mnasema mnavyotaka. Nivumilie. Ndicho Kiswahili pekee ninachoweza kukuandikia.

Nianze na madogo. Duka ulilokuwa ukipigia pasi limefungwa. Mahali pa meza yako pamewekwa vibanda vya mbao vya kupigia simu za mbali, na watu wanapaza sauti wakiongea na Kinshasa, na Tanger, na Lubumbashi, hapo hapo ulipokuwa ukinyoosha kola za mashati. Nilipita wiki jana nikasimama nje. Kioo bado kinashika ukungu. Nilingoja kidogo, mjinga mimi, nikidhani mkono wako utaufuta kutoka ndani ili unione.

Kikundi chetu cha matembezi bado kinatembea, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Lakini Monsieur Willy aliacha kutuongoza. Hilo ni kubwa. Nitalifikia, halisemeki kwa pumzi moja.

Unakumbuka ulivyoniokota? Ndiyo, kuniokota, sina neno jingine. Yalikuwa majira yangu ya kwanza ya baridi Brussels. Nilikuwa nimepata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao moja huko Ixelles, na kila Alhamisi nilikuletea makoti yangu meupe ya kazi uyapige pasi. Sikuwa na mtu. Mchana niliongea na wazee wasionisikia, jioni nikaongea na redio. Siku ile ulinitazama, pasi mkononi, ukauliza bila hata salamu:

"Samedi uko na kazi?"

Nikasema Jumamosi sina.

"Bon. Vaa viatu ya nguvu. À huit heures, Gare du Midi, mbele ya guichet. Na ulete mukate."

Nikadhani ni safari ya kanisa. Nikaja stesheni saa mbili asubuhi, mbele ya dirisha la tiketi, na gauni, na Biblia mkobani. Nikakuta Wazungu kumi na mmoja, wengi wao wamestaafu, wana fimbo na soksi ndefu za sufu, na katikati yao wewe, umevaa suruali, na juu ya suruali umefunga kitenge cha kijani chenye kuku wa njano. Mwanamume mrefu, mwembamba, ramani ikining'inia kifuani ndani ya plastiki, akanipa mkono. Huyo ndiye Monsieur Willy, Mflamandi aliyepeleka barua za watu maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu barua zikaisha lakini miguu ikakataa kukaa.

"Tunaenda wapi, Maman?" nilikuuliza kwenye treni.

"Kutembea."

"Kutembea mpaka wapi?"

"Kutembea tu. Kisha tunarudia."

Kwetu sikuwahi kuona mtu anayetembea hivyo. Mtu akienda kilomita ishirini kwa miguu ana mzigo wa soko, au ana msiba, au amefukuzwa. Pale Matonge, mtaa wetu Wakongo, walitucheka mpaka wakachoka. Yule papa muuza sombe alikuuliza mbele ya watu kama gari la Wazungu wako limeharibika. Wewe ulichagua majani yako ya muhogo, ukayaweka kikapuni, ukamwambia: "Papa, ingekuwa limeharibika, ningekuwa nasukuma." Na kesho yake ukaondoka tena.

Siku ile ya kwanza tulishuka kwenye kituo kidogo ambacho jina lake sikulisoma. Ukungu ulikuwa umelala chini, magotini mwetu tu, na juu yake mashina ya miti yalisimama marefu, laini, ya kijivu, kama miguu ya wanyama wakubwa waliosinzia. Nilisikia hatua zetu, lakini zilikuja kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba kuna watu wengine kumi na watatu wanaotembea upande wa pili wa ukungu, na kwamba tukikaza macho tutawaona. Gauni langu lililoa. Vidole vya miguu nikavisahau. Mahali fulani katikati ya msitu ule niligundua kwamba sijawaza lolote tangu asubuhi, wala Bukavu, wala kodi ya chumba, na nikaogopa, kama mtu aliyeweka mtoto chini na hakumbuki wapi. Ulinishika kiwiko. "Ni vile," ukasema. "Acha ipite."

Wewe ulikuwa ukitembea wa mwisho. Mwanzoni, ulinieleza, ilikuwa kwa ajili ya magoti. Kisha Monsieur Willy akaifanya kuwa kazi: akakupa filimbi, akatangaza kwamba ni marufuku mtu yeyote kuwa nyuma ya Madame Béata. Ukaishika kazi hiyo kama uliyekabidhiwa ufunguo wa ghala. "Bantu ya mbele banaona njia," ulisema. "Miye naona bantu." Na kweli watu uliwaona. Ulijua nani ana lengelenge kabla hajachechemea, nani hajaongea na mkewe tangu Ijumaa, nani ana kiu na anaona haya kuomba maji. Mimi nilitembea ubavuni pako, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuipenda nchi hii. Si sana. Kidogo, kama mtu anavyompenda mkwe.

Sardini na pilipili! Nimekumbuka sasa hivi na nimecheka peke yangu. Monsieur Willy alipoomba aonje mkate wako, ukamwambia "doucement", polepole, naye akauma kama anayeuma tufaha. Machozi yalimtoka, masikio yakawa mekundu, akageuka akautazama mto uliokuwa kando yetu kwa muda mrefu kwa heshima zote. Jumamosi iliyofuata alikuja na kipande chake cha mkate, mkavu, akakunyooshea.

Kisha vita vikaingia Bukavu.

Wewe ulikuwapo, hili halihitaji kusimuliwa, lakini nalisimulia kwa sababu yanayofuata yametoka humo. Simu ya nyumbani ilikufa. Redio ikasema watu wameukimbia mji kwa miguu, wameingia misitu ya magharibi, wengine kuelekea Shabunda, wengine hakuna ajuaye. Mama yangu alikuwa peke yake kule. Papa alishatangulia zamani. Nilipiga namba ile ile asubuhi na jioni mpaka kidole kikawa kinaijua bila mimi.

Nikaacha kuja Gare du Midi. Sikuweza tena kuitazama miti. Kwenda kutembea msituni kwa raha, na thermos ya kahawa, wakati mama yangu anatembea msituni ili asife? Niliona aibu hata kuwa na viatu.

Jumamosi ya kwanza ulikuja kwangu badala ya kwenda nao. Ulitandika blanketi juu ya meza, ukapiga pasi nguo zangu zote, hata taulo. Jumamosi nyingine ukaja tena, ukapiga pasi mapazia. Mara ya tatu hakukuwa na kilichobaki cha kunyoosha humu ndani. Ukakaa mbele yangu.

"Furaha. Mama yako eko natembea. Weye unaikala. Twende tutembee naye."

Ndivyo nilivyorudi, na ndivyo tulivyofika kule Hautes Fagnes, kwenye uwanda ule wa juu wa majani marefu meupe na maji meusi chini yake, ambako mtu hupita juu ya mbao tu kwa sababu nje ya mbao ardhi haina chini. Ukungu ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Tulikuwa kwenye mstari, kila mtu akiona mgongo mmoja tu. Mwanamke mmoja wa mbele aliteleza, mguu ukazama topeni mpaka gotini, wakamvuta, kiatu kikabaki, wakacheka. Kicheko kizuri tu cha marafiki. Mimi kikanichoma. Nilipiga kelele, kwa Kifaransa, maneno ambayo sikujua ninayo: kwamba mahali fulani saa hii hii mama yangu yumo katika tope kama hili na hakuna anayecheka, kwamba wao wanacheza mchezo wa kuwa wakimbizi halafu jioni wanarudi kunywa supu. Kisha nikashuka kwenye mbao nikaingia katika weupe.

Sikuwa nakimbia. Nilitembea. Majani yalinifika kiunoni, maji yakawa yanafyonza hatua zangu na kuziachia, na nilikuwa karibu kuwa na amani, Maman, hilo sikukuambia. Ilikuwa kama kutembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Nilidhani nikiendelea hivyo hivyo nitatokea upande wake, nitamkuta Mama amekaa juu ya gogo anafunga upya kitambaa chake cha kichwa.

Nyuma yangu ikalia filimbi. Mara moja, fupi. Kimya. Mara moja tena. Ulikuwa umeacha mstari kunifuata. Nilisikia na sikugeuka. Kisha filimbi ikanyamaza, na kimya kile ndicho kilichonigeuza.

Nilikukuta umekaa juu ya kichuguu cha majani, mkono kifuani, midomo ina rangi ya majivu. Midomo ile naijua, naiona kazini kwangu. Nikakufungua kola. Ukasema: "Ngoja kidogo. Inapita." Na kweli ilipita, polepole, rangi ikakurudia kama mtu anayerudi nyumbani akiwa hana hakika ya mlango. Ukanionyesha vidonge kwenye fundo la kitenge. Ulikuwa umeshamwona daktari. Alikuwa amekwambia utembee tambarare, usipande mlima. Clarisse, binti yako wa pekee, anayefundisha watoto wa shule kule Liège, hakujua. Monsieur Willy hakujua. "Clarisse ataniweka mu kiti, mbele ya télé," ulisema. "Willy ataniondoa mu kikundi. Na miye nitakufa mbele ya siku yangu ya kufa. Apa, Furaha."

Nikaapa kutomwambia mtu. Ni mimi niliyekuwa nimekuvuta kwenye maji yale. Ningekunyima nini?

Monsieur Willy alitupata kwa kufuata sauti zetu. Alidhani mimi ndiye niliyehitaji kuokolewa, na wewe ukamwacha adhani hivyo, ukanifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akanimiminia chai. Hakunikaripia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Madame Furaha, baba yangu naye alitembea, wakati wa vita vyetu," kisha akaturudisha kwenye mbao.

Mama alipatikana miezi mitatu baadaye. Pasta mmoja alipiga simu kutoka Kindu, akamweka kwenye simu. Nilimuuliza alifikaje. Akasema: "Nilichoka, mwanangu, lakini miguu haikunisikiliza." Nilikimbia kutoka kituo cha Porte de Namur mpaka dukani kwako bila koti, nikakupigia kelele mlangoni, nawe ukarusha mikono juu na kuimba, na pasi ikabaki juu ya shati la avocat mmoja, wakili, mpaka ikatoboa mgongo mzima. Yule avocat alipokuja ulimwambia: "Monsieur, mama wa mutoto amefufuka." Akaondoka na shati lake bila kudai.

Halafu nchi yetu ikabadilishwa jina, ikaja kiangazi, na nikaanza kusahau kuogopa. Ulikuwa mzima. Ulikuwa ukicheka. Nilijiambia daktari naye ni mtu, anaweza kukosea.

Jumamosi ile kule Poix, karibu na Saint-Hubert. Tumeshuka kwenye treni, Monsieur Willy amefunua ramani kwenye benchi la kituo, anasema leo kuna njia mbili: moja inafuata mto, tambarare, nyingine inapanda msituni mpaka juu. Wengi wakaelekea kusema mto. Ni wewe uliyeinua mkono wa kwanza. "La montagne," ukasema: mlima. Ukanitazama, ukakonyeza jicho. Mimi nikainama nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Hapo ndipo, Maman. Pale kwenye kamba za viatu. Nimerudi pale mara nyingi kuliko mahali popote duniani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jua lilikuwa likipenya majani na kuanguka chini vipande vipande. Tulikuwa tumefika katikati ya mlima. Ulisema, "Ngoja kidogo," ukakaa juu ya gogo lenye ukoga, mimi nikakaa kando yako nikidhani itapita, kwa sababu ilikuwa imeshapita. Uliniegemea bega. Ulikuwa unatazama kitu kati ya miti, kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la anayekuja. Nikapiga filimbi yako mpaka mdomo ukauma. Monsieur Willy alishuka mlima ule mbio, mzee wa karibu miaka sabini, mpaka shamba lenye simu. Watu wa msaada walipokuja naye bado nilikuwa nimekushika vile vile, sikutaka ujue kwamba nimejua.

Sasa nikuambie la baada ya maziko. Tulikuwa ukumbini, watu wa Matonge wamejaa, wamama wamepika. Monsieur Willy alikuja na kikundi chote, wamevaa nyeusi, wamesimama kando ya mlango hawajui mikono yao waiweke wapi. Clarisse akawaendea. Akamwambia Monsieur Willy mbele ya wote: "Mumemuua mama yangu. Muntu wa miaka sitini na mbili, munamupandisha mulima kwa ajili ya kucheza." Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kifaransa ili lisimpite. Mzee yule akavua kofia. Akasema, "Oui, madame." Basi. Ndiyo, madame.

Kisha Clarisse akanigeukia mimi. "Weye ulikuwa naye kila mara. Alikuwa mugonjwa?"

Nikasema: "Hapana."

Nilijiambia ni kiapo. Nilijiambia siri ya marehemu ni kama nguo yake, haivaliwi na mwingine. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa swali ambalo lingefuata: na wewe, kwa nini ulinyamaza?

Monsieur Willy alimpa mtu mwingine ramani, hakuja tena. Majira yote ya baridi sikumwona. Kisha mwezi wa tatu, Jumapili moja kwenye soko la Midi, nikamkuta amesimama mbele ya meza ya machungwa, hachagui, hanunui. Amekonda. Koti lake limekuwa kubwa. Aliponiona alijaribu kutabasamu. Akaniambia: "Kulikuwa na njia ya mto, Madame Furaha. Mimi ndiye kiongozi. Ningesema tu: mto. Kila nikilala naipita njia ile, na Madame Béata yuko nyuma, na tunafika vizuri."

Alhamisi iliyofuata nilipanda treni ya Liège.

Clarisse alinifungulia mlango ana chaki kwenye sweta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapamba maneno. Ukungu wa Fagnes. Vidonge. Kiapo. Mkono wako ulioinuka kituoni, na mimi na kamba zangu. Nikamwambia: "Si Willy. Mama yako alichagua mwenyewe, na mimi nilijua." Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Toka kwangu, Furaha," akafunga mlango. Nililia kwenye treni, na Wazungu wa watu wakatazama madirisha yao.

Kesho yake nilimwendea Monsieur Willy, nikamwambia naye. Akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, kofia magotini. Akauliza kama ulikuwa na maumivu. Nikasema hapana, na safari hii ilikuwa kweli.

Wiki mbili kimya. Halafu Alhamisi iliyopita simu ikalia, saa ya chakula. Sauti ya Clarisse, bila salamu, kama wewe kabisa: "Ni train ya saa ngapi, ile ya kule?"

Jana, Maman, tulikwenda.

Alikuwa anatungoja pale kituoni Poix, amefika kabla yetu. Kikundi chote kilikuwapo. Monsieur Willy nilimwomba mimi, akakataa, kisha nikamkuta asubuhi Gare du Midi mbele ya guichet, ana fimbo yake, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyefunua ramani. Tulipanda. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani, tone moja hapa, moja kule, na msitu wote ulikuwa unanong'ona. Nilimsikia Clarisse akihema, nikamtazama midomo kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa myekundu, mizima.

Tulipofika kwenye gogo nilimwonyesha kwa mkono tu. Alikaa pale ulipokaa. Alipapasa ule ukoga kama anavyopapaswa mbwa wa mtu mwingine. Wote tulisimama mbali kidogo. Kisha akamwita: "Papa Willy."

Si Monsieur. Papa.

Alimwendea. Hakujua akae au asimame, akapiga goti moja kwenye majani mabichi, na magoti yake unayajua. Clarisse akamshika mkono. Alisema "pardon" na yeye akasema "pardon", wakasema kwa pamoja, maneno yakagongana. Mimi alinitazama tu. Hajanisamehe bado, nadhani. Ila alinisogezea nafasi kwenye gogo, nikakaa.

Halafu akauliza: "Juu kuna nini? Kile alikuwa anaenda kuona."

Monsieur Willy akasema ni karibu, nusu saa. Akamsaidia kusimama, au Clarisse ndiye aliyemsaidia, sikuona vizuri. Tukapanda kilichobaki. Miti ikapungua, mwanga ukaongezeka, upepo ukatupiga usoni, na tukatokea juu. Palikuwa na uwanja wa majani. Ng'ombe watatu. Tangi la maji limekatika mguu mmoja. Mbali, vilima vingine, vya buluu, vinafanana na hiki.

"Ni hii tu?" Clarisse akauliza.

"C'est tout, madame," akasema Monsieur Willy, kama anayeomba radhi. "Ni hii tu."

Clarisse akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika mbavu, machozi yanamtoka, na kicheko ni chako, Maman, ni chako kilivyo, hata wale ng'ombe waligeuza vichwa. Tukakaa kwenye majani yaliyoloa tukafungua mikate. Jua lilitoka kidogo, likaingia. Tulikaa muda mrefu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Kwenye treni ya kurudi Clarisse alikuja nasi mpaka Brussels, hakuteremka njiani abadili treni ya Liège. Alilala begani kwangu kuanzia Namur. Sikusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Basi hiyo ndiyo habari. Nimevunja kiapo chako na siombi msamaha kwa kukivunja. Naomba kwa kuchelewa. Nakuahidi jingine mahali pake: mtu akinipa tena mzigo wa siri wenye kumwangukia mwingine, nitaubeba mpaka mlangoni pa huyo mwingine, hata akinifungia. Na Clarisse nitamwita kila Jumamosi ya kikundi. Akikataa nitamwita tena. Mama yangu amerudi Bukavu, amepanda maharage; anakusalimia, anasema hakuwahi kukuona lakini anakujua mwendo.

Pumzika, Maman yangu wa Lubumbashi. Nimekulilia vya kutosha kwa leo. Tutaongea.

Mutoto wako,
Furaha